Kuni na Maji ya Moto

Meja Leopoldina alifika kwao Kelikai saa tatu asubuhi, na jambo la kwanza aliloambiwa na kaka yake ni asibadilishe nguo.

"Baki hivyo hivyo," alisema Duarte, mkono wake umeshika mlango wa gari la jeshi kama mtu anayezuia mbuzi asitoke zizini. "Magwanda, nishani, kila kitu. Watu wa Uatolari wakifika wakukute hivyo."

"Nimeleta tais yangu, kaka. Iko kwenye begi."

"Basi iache kwenye begi."

Leopoldina alishuka. Begi alilibeba mwenyewe. Ndani yake mlikuwa na tais nyeusi yenye mistari myekundu, nguo ambayo mama wa bibi harusi hujifunga siku mahari inapokuja. Aliifumisha kwa bibi mmoja wa Laga miaka saba iliyopita, binti yake Ivonia alipotimiza miaka kumi na minane, akaikunja na kuiweka chini ya kitanda chake kambini pamoja na vidonge vya kuzuia nondo. Hakuwahi kuivaa. Aliingoja siku hii.

Leo watu wa bwana harusi wangeleta wanyama, na saa kumi jioni Ivonia angeondoka nao kwenda Uatolari, kwenye nyumba ya mumewe. Kwa watu wa Kelikai kila mnyama wa mahari ana jina lake na mwenyewe. Nyati ni wa ukoo. Farasi ni wa wajomba. Panga za zamani huingia katika nyumba ya mababu na hazitoki tena. Mwisho kabisa, watu wakishachoka na jua, huletwa ng'ombe jike mmoja anayeitwa kuni na maji ya moto. Huyo ni wa mama. Ni shukrani kwa kuni zilizoteketea alipokuwa mzazi amekaa kando ya moto siku arobaini, na kwa maji ya moto aliyokandwa nayo. Msemaji wa ukoo humwita mama mbele ya koo mbili, mama hunyoosha mkono, na kamba huwekwa mkononi mwake.

Leopoldina hakuwa na shida na ng'ombe. Angemfuga wapi, kwenye uwanja wa gwaride? Alichotaka ni kamba. Alitaka aitwe mama wa Ivonia mara moja tu, watu wakisikia, kabla binti hajavuka kwenda kwa wenyewe. Siku nyingine ya kuitwa hivyo haipo.

Mzee Kairika, msemaji wa ukoo, alikuwa tayari uani akipanga viti. Alikuwa mdogo wa baba yao, mwembamba, meno mekundu kwa tambuu, na sauti yake ilikuwa kubwa kuliko kifua chake.

"Afande," alisema. "Hapa."

Alimwonyesha kiti cha mbao chenye mikono, katikati ya safu ya wanaume, karibu na mkeka ambao panga zingelazwa juu yake.

"Hapa ni pa wajomba, baba mdogo."

"Pa wajomba na wakubwa. Wewe ni mkubwa. Wale wa Uatolari wanajidai sana, wana mtoto wao polisi mjini Dili. Tuone kama wana meja." Akacheka, akatema mate mekundu pembeni. "Kaa, kaa. Usiwe na wasiwasi, kazi yako ni kukaa tu na kuonekana."

Leopoldina alikaa. Alijiambia ni sawa, aanzie hapo. Kamba itakapofika atasimama na kwenda mbele kama mama yeyote. Begi aliliweka chini ya kiti, katikati ya buti zake.

Alikuwa amezoea kuwekwa mahali asipopataka. Alikuwa na miaka tisa wazazi wake walipokimbilia mlima Matebian pamoja na nusu ya wilaya, ndege za Indonesia zikiwafuata. Baba alikufa kwa bomu, mama kwa njaa, na Duarte, aliyekuwa na miaka kumi na mitano, akateremshwa bondeni pamoja na waliosalimu amri. Leopoldina hakuteremka. Alibaki na wapiganaji kwa sababu hakuna aliyekumbuka kumteremsha. Walimpa chungu apike. Baadaye wakampa barua apeleke, kwa kuwa mtoto wa kike mwenye kikapu hasimamishwi sana. Alipofika miaka kumi na saba alimvua maiti bunduki na kukataa kumpa mtu mwingine, na kamanda, baada ya kumkaripia siku mbili, akamwachia. Walimpa jina la porini, Kakuuk, yaani bundi, maana zamu za usiku alizishika yeye bila kusinzia.

Vita vilipokwisha alikwenda kujiandikisha katika jeshi jipya. Mabwana watatu walikuwa wamekaa mezani. Mmoja, ambaye vita vyote alivimalizia ng'ambo, alimtazama tangu kichwani hadi miguuni akamwuliza kama anajua kupiga chapa.

"Sijui," Leopoldina alimjibu. "Naijua bunduki. Na wewe unajua nini?"

Walimwandika koplo. Wanaume aliowafundisha kutembea porini bila kuvunja kijiti waliandikwa maluteni. Ngazi zile alizipanda moja moja, miaka kumi na mitatu, akiwapigia saluti vijana aliowahi kuwabeba mgongoni. Akifika mahali wanaume wako kumi, wa kumi na moja ni yeye, na kuna mtu atamwuliza kama kahawa iko tayari. Kila mara alikasirika, na kila mara aliimeza hasira yake kwa sababu alikuwa na kazi ya kufanya. Ilikuwa humo tumboni bado, yote, imejipanga vizuri kama risasi kwenye sanduku.

Saa tano ngoma zilisikika barabarani. Watu wa Uatolari waliingia na nyati wao, pembe zimefungwa majani ya mnazi, nyuma farasi, nyuma wanawake wamebeba vikapu vya tambuu kichwani. Msemaji wao alikuwa mtu mnene mchangamfu aliyefutafuta jasho kwa kofia. Alizunguka safu akisalimia kwa mikono miwili, na alipofika kwa Leopoldina aliona nishani, akainama zaidi.

"Mjomba," alisema kwa heshima kubwa. Kisha akainua uso, akaona ni mwanamke, lakini hakutaka kurudisha neno nyuma. "Mjomba Meja."

Watu walicheka kwa upole. Mzee Kairika hakumsahihisha. Aliitikia kwa niaba yake, na kikombe cha kwanza cha pombe iliyogemwa asubuhi, ambacho mama wa bibi harusi hapewi kamwe, kikatiwa mkononi mwa Leopoldina. Upanga wa kwanza nao ukalazwa miguuni pake. Duarte, kwenye kiti cha tatu, alikuwa akitabasamu hadi masikio yamesogea.

Leopoldina aliutazama ule upanga. Hapo ndipo alipoelewa kwamba kiti hiki hakikuwa mwanzo wa kitu.

Aliinama kwa Kairika, akanong'ona. "Baba mdogo. Kamba ya ng'ombe utampa nani?"

"Kamba gani?"

"Unajua kamba gani."

Mzee aliendelea kutazama mbele, akitikisa kichwa kwa wageni. "Cesaltina."

Cesaltina alikuwa mke wa Duarte. Ndiye aliyemlea Ivonia. Leopoldina alisahau kunong'ona.

"Cesaltina hajazaa. Tumbo lake halijawahi kushika hata mimba moja. Unajua, mimi najua, mlima mzima unajua."

"Polepole. Wanatusikia."

"Nani alimzaa Ivonia?"

"Wewe. Nani kakataa? Lakini sikiliza, mwanangu." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayemweleza mgeni bei ya kuku. "Ng'ombe huyu anaitwaje? Hawamwiti uzazi. Wanamwita kuni, wanamwita maji ya moto. Cesaltina alikaa motoni siku arobaini, watu wote walimwona. Wewe ulikaa kwenye moto gani? Nitajie kuni. Nitajie aliyekuchemshia maji."

Leopoldina aligeuza uso kuelekea mlimani.

Ilikuwa Februari, mwaka wa themanini na tisa, pangoni upande wa juu wa Matebian, mvua inamwagika mlangoni kama pazia. Kuwasha moto kulikuwa marufuku, moshi ungeonekana kutoka kambi ya askari wa Indonesia chini kule. Mwanamke mmoja mpiganaji alimkata kitovu mtoto kwa kisu cha kuchinjia. Lino, baba wa mtoto, ambaye kamanda alimwozesha Leopoldina kwa maneno matatu bila hata kuku, alikinga maji ya mvua kwa kofia na kumwosha nayo. Leopoldina alitetemeka hadi jino likavunjika. Siku ya tisa amri ilikuja wahame, na mtoto alikuwa akilia. Walimtazama tu. Alimfunga mtoto katika kipande cha mwavuli wa kuangukia kutoka ndegeni, akashuka naye mwenyewe alfajiri, akamkabidhi Duarte katikati ya mahindi. Mwaka uliofuata Lino aliuawa. Mwaka wa tisini na tisa Leopoldina alishuka na bunduki begani na uhuru umepatikana, na yule mtoto akakimbia kujificha nyuma ya sketi ya Cesaltina.

Na sasa mzee huyu anamwomba amtajie kuni.

Alisimama. Msemaji wa Uatolari alikuwa katikati ya maneno marefu kuhusu babu yao na farasi mweupe, akanyamaza. Leopoldina aliruka upanga uliokuwa miguuni pake, akabeba begi lake, akapita katikati ya mkeka ambao mtu hapiti, na kuelekea jikoni nyuma ya nyumba.

"Dina," kaka yake aliita nyuma yake. "Dina, rudi, watu wanakutazama."

Jikoni kulikuwa na wanawake sita na vyungu vinne. Walimwona uso, na watano wakakumbuka kazi za nje. Cesaltina alibaki, amechuchumaa mbele ya chungu cha wali, anageuza kwa mwiko mrefu. Alikuwa mwanamke mfupi, mabega mapana, kitambaa kichwani kimelowa jasho.

"Kama umefuata kahawa, bado," alisema bila kugeuka.

"Wifi, nimefuata uongo wako."

Mwiko ulisimama.

"Kairika anasema ulikaa motoni," Leopoldina alisema. "Arobaini nzima. Umewadanganya nini watu hawa? Uliwaambia umezaa? Mtoto nimekuletea ana siku tisa, kitovu bado hakijadondoka, ukaenda kujilaza kando ya moto kama mzazi ukaletewa supu?"

"Ndiyo," alisema Cesaltina.

Leopoldina alikuwa amejiandaa kumsikia akikana. Kwa hilo hakuwa amejiandaa.

"Ndiyo," Cesaltina alirudia, sasa akisimama, mwiko mkononi. "Nilijilaza. Kabla ya hapo nilifunga mto wa sufi tumboni miezi miwili, tangu muuza chumvi alipotuletea habari kwamba una mimba. Nilienda nao sokoni, nikaenda nao kanisani, nikapanda nao mlima kuchota maji. Wale askari walikuwa wanatuhesabu kila Jumamosi, wifi. Kila nyumba, vichwa vingapi. Kila mtu anajua Cesaltina ni tasa. Halafu siku moja nyumbani kwake kuna mtoto analia. Ametoka wapi? Wangejua ametoka kule juu, wangetumaliza sote, na wewe wangekungoja kwenye mahindi."

"Sikuambiwa."

"Ngoja, sijamaliza. Daktari wao alikuja kunitazama. Alikuja siku ya tatu, alikuja siku ya kumi. Mzazi wa hapa anakaa karibu na moto, basi nilikaa karibu kuliko wote, ili asinisogelee. Jasho lilinitoka hadi nikaona vitu. Mama yangu akanikanda tumbo lisilokuwa na kitu kwa maji yanayochemka, nikalia kama waliojifungua wanavyolia, maana yule daktari alikuwa mlangoni. Usiku mguu ulinilala nikausogeza kwenye makaa bila kujua. Umeungua hapa." Alijipiga paja kupitia nguo. "Nilikuwa napiga kelele na askari wanacheka, wanasema wanawake wa Kelikai hawajui kuzaa."

Wali ulianza kunukia chini ya chungu. Hakuna aliyeutazama.

"Kwa nini hamkuniambia?" Leopoldina alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda, na hakujali uani wanasikia au hawasikii. "Miaka ishirini na mitano. Wewe hukuniambia, Duarte hakuniambia. Mnaniacha nakuja hapa kama mjinga."

"Hukuuliza."

"Ningeulizaje kitu nisichokijua?"

"Ungeuliza, wifi, tulimfichaje. Swali dogo hilo. Unakuja na gari, unakuja na biskuti, unakaa dakika arobaini huku unaangalia saa yako ya mkononi. Unamwuliza mtoto kama anasoma. Unaniangalia mimi kama mtu aliyekuibia kuku. Hata mara moja hukukaa hapa jikoni ukasema, Cesaltina, mwaka ule mlifanyaje."

Leopoldina alikuwa na majibu mengi na yote yalikuwa ya kweli: kazi, kambi, barabara mbovu, mtoto aliyekimbia alipomwona. Hakuna lililotosha.

"Mimi sikuchagua baridi," alisema mwishowe.

"Na mimi sikuchagua moto," alijibu Cesaltina. "Ng'ombe wako simtaki. Chukua. Mimi nataka uache kuniona mwizi."

Mlango wa chumba cha ndani ulifunguka. Ivonia alikuwa amevalishwa nusu, shanga za kale shingoni, nywele upande mmoja zimesukwa na upande mwingine bado. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na alikuwa na sauti ya darasani.

"Mnasikika hadi kwa nyati," alisema. "Mama, wali unaungua. Mama Meja, nimekuita hivyo tangu nikiwa na miaka kumi na hujawahi kusema unalipenda au hulipendi. Saa kumi naondoka. Kama mna la kugombana, gombaneni, lakini mlimalize. Sitaki kulibeba kwenda nalo Uatolari."

Akafunga mlango.

Cesaltina aliinua chungu kutoka motoni kwa mikono mitupu, akalaani, akakiweka chini. Leopoldina alisimama katikati ya moshi. Hasira haikuwa imepungua. Ilikuwa imekosa mahali pa kuelekea, kama kikosi kilichofika na kukuta adui ameshahama; na kwa uzoefu wake hapo ndipo watu hufyatua ovyo. Alihesabu pumzi. Kisha alifungua begi.

Alivua kofia, akavua shati lenye nishani na kulitundika kwenye msumari wa kitunguu saumu. Alivua buti. Alijifunga tais nyeusi juu ya fulana yake ya jeshi, kwa kuwa blauzi ilikuwa imekunjamana mno, na alipotaka kufunga fundo kiunoni hakujua linavyofungwa. Cesaltina alimtazama akihangaika.

"Unafunga kama kifurushi cha barua," alisema. Akaja, akalifungua, akalifunga upya, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Leopoldina alirudi uani miguu mitupu. Hakukaa kwenye kiti chenye mikono. Alikaa chini, kwenye mkeka wa wanawake, mstari wa mbele. Duarte alimwona, akashika kichwa. Msemaji wa Uatolari alimtafuta Mjomba Meja kwa macho, akamwona, akafuta jasho kwa kofia yake.

Nyati walipokelewa. Farasi walipokelewa, mmoja akibishaniwa jino. Jua lilipita utosini. Hatimaye kijana wa Uatolari alimleta ng'ombe jike wa rangi ya udongo, na Mzee Kairika akasimama, akasafisha koo.

"Hizi ni kuni," alitangaza. "Haya ni maji ya moto. Aliyekaa motoni kwa ajili ya binti huyu, aje."

Cesaltina alitoka jikoni akijifuta mikono. Alinyoosha mkono, kamba ikawekwa. Wanawake walipiga ngoma zao ndogo. Yalikuwa maneno mafupi, na yalikuwa yamekwisha.

"Mzee," Leopoldina alisema, akisimama. "Hujamaliza."

Ngoma zilikatika moja moja.

"Nimemaliza," alisema Kairika.

"Umemtaja aliyekaa motoni. Ni haki yake, kamba ni yake, na atakayesema sivyo aje aniambie mimi. Sasa mtaje aliyemzaa."

"Hakuna maneno ya hilo."

"Yatafute."

"Dina," alisema Duarte. "Dada yangu. Tafadhali."

"Nyamaza, kaka. Wewe nina maswali yako peke yako, na utayajibu." Hakumgeukia. "Asubuhi baba mdogo alinitaka niwe mwanaume, nimekaa. Nimekunywa pombe ya wajomba. Jeshini waliniambia mimi ni mwanamke, nenda kapige chapa. Hapa mnaniambia mimi ni afande, kaa na panga. Kila mahali mnajua mimi ni nani isipokuwa mimi. Nimechoka nalo. Mtaje aliyemzaa binti huyu."

Kairika naye alikuwa ameanza kukasirika. Mshipa ulimtoka shingoni. "Maneno haya siyatungi mimi. Ni ya mababu. Mababu hawakujua mwanamke aliyezaa bila moto."

"Mababu wako wapi, mzee?"

"Unajua walipo."

"Sema, wageni wasikie."

Hakukuwa na haja ya kusema. Mlima ulikuwa nyuma ya mzee, mkubwa, mawingu kiunoni, na kila mtu katika uwanja ule, wa Kelikai na wa Uatolari, alijua kwamba roho za wafu wao wote hukaa huko juu.

"Basi walikuwa humo pangoni," alisema Leopoldina. "Nilizaa nimelala juu ya mifupa yao. Mvua ilininyeshea, iliwanyeshea na wao. Wewe ulikuwa chini huku. Usiniambie hawakujua. Waliona kila kitu. Usiyejua ni wewe."

Nyati mmoja alijisaidia, na hata watoto hawakucheka.

Msemaji wa Uatolari alikohoa. "Ndugu zetu," alisema kwa uangalifu, "sisi hatuna neno. Ila ng'ombe tuliyekuja naye ni huyo mmoja."

"Sikuomba mnyama," Leopoldina alimwambia.

Alisimama pale. Alijua kusimama, miaka mingi aliifanya kazi hiyo, mvuani, bila kusinzia. Kairika aliangalia panga, akaangalia tambuu mkononi mwake, akaangalia wanawake, ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa anaangalia pembeni. Kisha akafungua mdomo, na ile sauti yake kubwa haikutoka. Ilitoka nyingine, ya mzee wa kawaida.

"Na aliyemzaa bila moto," alisema. "Leopoldina. Juu, kwa mababu." Akasita, akaongeza kwa ukali, kama mtu anayefunga mlango, "Basi."

"Basi," alisema Leopoldina, akakaa.

Haikuwa tamu kama alivyoiwazia miaka saba. Ilikuwa imetoka kwa kukamuliwa, na mzee hatamsamehe, na kesho kutwa watu watasema yule bundi wa Duarte aliharibu shughuli. Na wao waseme.

Ngoma zilianza tena, kwa kusitasita. Cesaltina alikuwa bado amesimama na ng'ombe wake, akinusa hewa.

"Wali wa pili," alisema. Akamfikia Leopoldina, akamtupia kamba mapajani. "Shika huyu. Chungu kinaungua na wale wajinga wametoka wote kuja kutazama."

"Wifi, kamba ni yako."

"Ni yangu, ndiyo maana nasema shika."

Alikwenda. Leopoldina alibaki na kamba. Ng'ombe alivuta upande wa majani, akamburuta hatua mbili kutoka kwenye mkeka kabla hajakaza mikono. Duarte alimjia, amekunja uso.

"Dina, mpe kijana amfunge. Unaonekana vibaya."

"Kwa nini hukuniambia kuhusu mto wa sufi?"

Duarte alitazama miguu yake. "Nilidhani utaumia."

"Ulidhani." Alimwachia kamba mkononi. "Mfunge wewe. Mfunge vizuri, kisha ukae mahali nitakapokupata, maana nakuja."

Jikoni Cesaltina alikuwa amechuchumaa tena, anakwangua chungu, machozi ya moshi yanamtiririka. Leopoldina alichuchumaa upande wa pili wa mafiga. Moto ulimpiga usoni na kwenye magoti. Alivuta kuni moja nje, akaisogeza nyingine ndani, kama alivyofanya akiwa na miaka kumi, na mwali ukatulia.

"Nionyeshe mguu," alisema.

"Sasa hivi? Watu mia mbili wanangoja kula."

"Sasa hivi. Na unieleze tangu mwanzo. Tangu muuza chumvi."

Cesaltina alimtazama, mwiko mkononi, kuona kama anaangalia saa yake. Kisha akaketi sakafuni, akanyoosha mguu wa kushoto, na kupandisha nguo juu ya goti.